Mpangaji Hakuubomoa Mji

Tulikuwa matangani Al Khuwair, siku ya tatu, wanaume tumekaa ukumbini na finjani zinazunguka. Mazungumzo ya Waswahili wa Maskati yana njia yake: huanza kwa marehemu, yakapita Unguja, kisha yakarudi Omani na kutua kwenye nyumba. Ami mmoja, mtu wa miaka sabini na kitu, akaniuliza kama nimepita Matrah karibuni. Nikamwambia nimepita juzi.

"Umeona walivyoimaliza?"

"Nani, Ami?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Wapangaji, mwanangu. Nani mwengine?"

Ukumbi mzima ukaitikia. Huyu akasema Wahindi, yule akasema Wabangali, na aliyekaa karibu na dele la kahawa akafunga hesabu kwa neno moja: "Mabachela." Neno hilo hapa kwetu limeshakuwa kama jina la kabila.

Nilinyamaza, maana matanga si pahala pa kubishana na mtu mzima. Sasa arubaini imepita. Nitabishana.

Maneno haya utayasikia kila barza. Nyumba za kale za Maskati na Matrah zilikuwa nzima mpaka zilipopangishwa. Mtu asiye na asili na mji hana uchungu nao. Dawa yake ni kuwatoa wote, kutia kufuli, na kungoja serikali au mwekezaji aje na makumbusho au hoteli. Yamesemwa sana hata watoto wameyakariri. Ni uongo, tena uongo wenye faida kwa wanaousema, kwa kuwa unamtoa mwenye nyumba kwenye kesi kabla hajaulizwa swali la kwanza.

Na swali la kwanza ni la tarehe. Nani alitangulia, aliyehama au aliyepanga? Hadi 1970 Maskati ilikuwa mji wa ukuta. Milango ilifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na aliyetembea usiku ndani ya mji alitakiwa abebe taa. Julai mwaka huo Sultan Qaboos akashika nchi, na ndani ya miaka michache zikaja barabara, umeme, shule, na viwanja vya serikali vya kujengea. Watu wakatoka. Walikwenda Ruwi kwanza, kisha Al Khuwair, kisha Mawaleh, Al Khoudh na Amerat. Simlaumu mtu. Vichochoro vya Matrah vilipimwa kwa punda, na mtu aliyenunua gari alitaka lifike mlangoni. Mama aliyechota maji miaka ishirini hakuhitaji kushawishiwa na yeyote ahamie nyumba yenye mfereji.

Lakini tukubaliane kuwa waliondoka. Bandari mpya ya Mina Qaboos ilipoanza kazi mwaka 1974, na suku ikajaa maduka, wafanyakazi walihitaji pahala pa kulala karibu na kazi, na nyumba zilizofungwa zilikuwa tele. Mpangaji alikuta nyumba imeshaachwa. Aliingia kwa mlango uliofunguliwa na mwenyewe, kwa kodi aliyoitaja mwenyewe.

Ami ana sababu yake ya kusema. Mkewe ana fungu katika nyumba moja nyuma ya suku ya Matrah, na nyumba ile naijua. Ina ghorofa moja juu na dari wazi la kuanikia nguo. Chini kuna sabla, ambayo ni dada wa sebule yetu kwa jina na kwa kazi. Ukilala chali katika chumba cha juu ukatazama dari, unaona boriti, zimepangwa moja moja, nyeusi kwa miaka na moshi. Boriti hizo zilikatwa kwenye mikoko ya pwani yetu, kama Rufiji na Lamu, zikaja huku kwa jahazi na kusi, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe akiingia nyumba ya Matrah haulizi choo kiko wapi. Mwili wake unajua.

Katika chumba hicho cha juu alikaa fundi cherehani kutoka Chittagong kwa miaka kumi na tisa. Nilimzoea kwa sababu ya kanzu. Kila mwaka, kabla ya mvua za baridi, alipanda darini na ndoo na kipande cha bati, akazoa mavi ya njiwa, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya milizamu ili maji yapate pa kutokea. Mara moja nilipanda naye. Alinionyesha mahali alipoziba ufa kwa mfuko wa saruji alionunua kwa pesa yake. Alikosea, na sifichi. Ukuta ule umejengwa kwa sarooj, udongo uliochomwa, ambao ndio uliotupa hata neno letu la saruji. Lakini vitu hivyo viwili havipatani. Sarooj huvuta unyevu na kuuachia, saruji ya kiwandani huufungia ndani, na ukuta ukaoza kimyakimya. Sasa niambie, ilikuwa kazi ya nani kumwambia? Katika miaka kumi na tisa mwenye nyumba alikuja kupokea kodi. Darini hakupanda hata siku moja. Hodari wa kulalamika hawapandi ngazi, nimeliona hilo katika nyumba nyingi.

Wala hapakuwa na mkataba. Nchi hii ina sheria ya kupangisha, Amri ya Kifalme namba 6 ya 1989, na mkataba hutakiwa usajiliwe manispaa. Lakini mkataba unafunga pande zote mbili. Anayeandika "mpangaji" lazima aandike pia "mwenye nyumba", na chini ya jina hilo kuna wajibu. Kwa mdomo ni rahisi zaidi.

Nakubali upande wa pili, sitaki kuonekana nimefumba macho. Nyumba za wanaume kumi na wawili zipo. Mitungi ya gesi juu ya sakafu ya mbao ipo, nyaya za umeme zimepita kama mtambaazi ukutani, na bafu lililowekwa juu ya chumba ambacho hakikujengwa kubeba maji. Yote hayo yanaua nyumba. Ila nani aliyekata sabla vipande vinne kwa mbao za plaiwudi? Mpangaji hapangi kitanda kimoja kwa kupenda. Kuna mtu anayepokea kodi kwa hesabu ya vitanda, na baina yake na walalaji kuna dalali anayekata chake. Ukitaka kumjua aliyeibomoa nyumba, fuata kodi inakoishia.

Na kama mpangaji mgeni ndiye ugonjwa, basi nyumba asizowahi kuzikanyaga zingekuwa na afya. Tazama Sur al-Lawatia hapohapo Matrah, mtaa wa ukuta wenye lango linaloelekea bahari, ambako mgeni kwa miaka mingi hakuruhusiwa kuingia, sembuse kupanga. Familia nyingi za Walawati zilihamia mitaa mipya kama sisi wengine, na nyumba zilizobaki na kufuli zimechakaa nyuma ya kufuli zao. Au panda gari uende Al Hamra, chini ya Jebel Shams. Mji mzima wa udongo, majumba ya ghorofa mbili na tatu, wenyewe wamehamia nyumba za tofali chini ya barabara. Hakuna bachela aliyelala humo, na mapaa yanaporomoka mwaka baada ya mwaka. Nyumba ya udongo inataka kusiribwa upya, na asiyekaa ndani haoni tone la kwanza.

Kwa sisi tuliotoka Unguja, ama wazee wetu, hadithi hii inapaswa kututia haya, maana tumeisikia ikisimuliwa upande mwengine. Baada ya 1964 serikali ya Mapinduzi ilichukua nyumba nyingi za Mji Mkongwe ikaingiza familia humo. Nyumba zikaanza kuanguka, na mpaka leo wapo wanaosema ziliangushwa na "watu wa shamba" wasiojua kukaa nyumba ya mawe. Maneno ni yaleyale ya Ami, limebadilika kabila tu. Lakini mwenye nyumba alikuwa nani? Ilikuwa serikali, na nyengine zilikuwa za wakfu. Kodi ilikuwa ndogo kiasi cha kutonunua hata pipa la chokaa, na mwenye mali hakutia chake. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa 1985, miaka ishirini na moja baadaye. Mpangaji wa chumba kimoja angefanya nini? Angejenga upya paa la watu wanane?

Tena wapangaji hao ndio waliouweka mji hai. Walikaanga, walifua, walizaa, walifagia ngazi. Jengo kubwa kuliko yote ya Forodhani halikuwa na mpangaji hata mmoja. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilitumika kwa ofisi na makumbusho, ikafungwa, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaanguka ikiwa mikononi mwa mafundi, kwa fedha za ukarabati zilizotoka hapahapa Omani. Wafanyakazi wawili walikufa. Mabachela hawakuwepo.

Hao wanaosema toeni watu mjaze hoteli, nao wana mifano, na nitawapa mmoja mzuri. Harat al-Aqr ya Nizwa ilikuwa magofu. Wenyeji wenyewe wakakusanya fedha, wakatengeneza, leo kuna mikahawa na nyumba za wageni, na vijana wa Nizwa wamepata kazi. Nimelala huko na nimefurahi. Lakini mgeni wa hoteli hukaa usiku mbili, akapiga picha ya mlango, akaondoka. Hajui jirani wala hamsikii mtoto wa jirani akikohoa. Ukiujaza mji mzima watu wa namna hiyo unapata Venice, ambayo mwaka 1951 ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 katika mji wake wa kale, na mwaka 2022 ikashuka chini ya 50,000. Majumba yake yamesimama vizuri sana. Lamu nako, mjini na Shela, kuna nyumba zilizonunuliwa na matajiri wa Ulaya, zimepakwa chokaa nyeupe kama kanzu ya Idi, na mwenyewe anakuja wiki chache kwa mwaka.

Wala Maskati yenyewe haihitaji mfano wa mbali. Pita baada ya Isha katika mji wa kale, kati ya ngome ya Jalali na ya Mirani. Kuna kasri la Al Alam, kuna Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2016, kuna Bait Zubair, taa nzuri, lami safi, maua yamemwagiliwa. Watu hakuna. Zamani mlango ulifungwa usiku kwa sababu ndani mlikuwa na watu wa kulindwa. Leo uko wazi mpaka asubuhi na hakuna anayeingia. Huo ndio mji uliotibiwa kwa dawa ya Ami.

Ninachotaka si kikubwa. Nyumba hizi zipangishwe kwa familia, ya Kiomani ikipatikana, ya Kihindi au ya Kiswahili ikipatikana, kwa mkataba ulioandikwa na kusajiliwa, wa miaka kumi si wa mwaka mmoja. Kodi iwe ndogo, na katika kodi hiyo ikatwe gharama ya paa na milizamu, kazi ifanywe na fundi anayejua sarooj. Kijana wa Kiomani aliyeoa juzi, anayelipa nusu ya mshahara kwa fleti ya Ghubra yenye dirisha linalotazama dirisha, angekuja Matrah kama angepewa choo kinachofanya kazi na uhakika wa kutofukuzwa. Nimewauliza kadhaa. Wanachokiogopa ni warithi. Nyumba ya mke wa Ami ina warithi kumi na saba, watatu wako Dubai, mmoja London, wawili hawasemezani, na saini ya mmoja ikikosekana hakuna mkataba. Hapo ndipo nyumba za Matrah zinapofia, kwenye karatasi ya mirathi isiyokamilika, na hapo hakuna mpangaji wa kumsingizia.

Fundi cherehani alitolewa miaka miwili iliyopita. Warithi walikubaliana kwa mara ya kwanza tangu bibi yao afariki, wakamtoa, wakasema nyumba ipumzike mpaka mwekezaji apatikane. Walinunua kufuli jipya.

Ami, nilikwambia nilipita juzi. Nilichungulia kwenye tundu la mlango wa uani. Baridi mbili zimepita na hakuna aliyepanda kuzoa mavi ya njiwa. Maji yamesimama darini, boriti tatu za chumba cha juu zimeshuka sablani, na juu ya kifusi mmeota mbarika unaofika kifuani.