Gari la Njia Mbaya Halijengwi kwa Macho



Katika mabweni yetu jioni, baina ya chakula na saa ya kujisomea, ubishi haukosekani. Wako wanaobishana juu ya mpira, na wako wanaobishana juu ya masomo. Bali sisi tuliotoka sehemu zenye njia mbaya hubishana juu ya magari, na zaidi juu ya pikapu. Swali letu ni moja: pikapu itengenezweje ili iweze kupita topeni, mchangani na kwenye mawe? Wenzangu wengi hujibu upesi: iinuliwe, ifungwe matairi makubwa, ipachikwe bampa la chuma na taa nyingi juu ya paa, basi imekwisha kuwa gari la porini. Mimi sikubali. Naona pikapu ya njia mbaya yapasa kujengwa kwa ajili ya mzigo itakaochukua na njia itakayopita, wala si kwa ajili ya macho ya watu wanaoitazama. Namwomba Mhariri anipe nafasi nieleze sababu zangu.

Huenda msomaji wa mjini akauliza jambo hili lina uzito gani hata likajaza kurasa za gazeti la shule. Namjibu hivi. Kwetu ni ng'ambo ya mto Kilombero. Tangu daraja la mto huo lilipofunguliwa mwaka 2018, hatungoji tena kivuko; lakini ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya kijijini wakati wa masika, utakuta udongo mweusi unaoshika gurudumu kama ugali ushikavyo mwiko. Baba na Baba Mdogo wana pikapu moja yenye kuvuta kwa magurudumu manne, waliyoinunua kwa shirika ikiwa imekwisha tumika. Hiyo ndiyo lori la mpunga, ndiyo basi la wanafunzi wanaorudi shuleni, na usiku ndiyo gari la wagonjwa wanaopelekwa Ifakara. Najua kuwa bodi ya mizigo si mahali pa abiria. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji gari lenye viti. Ikikwama saa sita za usiku naye yumo ndani, hapana atakayeuliza kama ina taa mbili au taa nane.

Sasa, baada ya mavuno ya mwaka huu, zimewekwa kando fedha za kuitengeneza upya. Baba Mdogo, ambaye ndiye dereva na ambaye namheshimu sana, anataka iinuliwe inchi sita na kufungwa matairi makubwa. Baba anataka fedha ziende katika breki, springi, na matairi ya kiasi. Shauri litakatwa Desemba, nikiwa nimekwisha fanya mtihani na kurudi nyumbani. Fedha hizo ni za mara moja. Zikitumika vibaya hapana nyingine mpaka mpunga wa mwakani. Kwa hiyo haya ninayoandika si mchezo wa bwenini tu.

Kwanza na tutazame maana ya kuinua. Chini ya pikapu, kitu kinachogongwa na mawe kwanza ni difu, lile tufe la chuma lililo katika ekseli, na ekseli imeshikana na magurudumu. Ukiongeza urefu wa springi, au ukipachika vipande vya chuma baina ya springi na ekseli, bodi na chasisi hupanda juu, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa. Jiwe lililoigonga jana litaigonga na kesho. Kinachoinua difu ni tairi, nalo huinua kwa nusu tu ya kile kilichoongezwa: tairi la inchi 29 likibadilishwa kwa la inchi 33, zimeongezeka inchi nne, lakini difu imepanda inchi mbili. Sisemi kuwa kuinua bodi hakuna faida. Huifanya pua na mkia wa gari visiguse ukingo wa mtaro, na huacha nafasi tairi lizunguke bila kukwaruza. Lakini kwa njia za kwetu faida hiyo yatosha kupatikana kwa inchi mbili. Hizo nne zinazobaki ni za macho.

Tena kila inchi ina bei yake, na bei hiyo hailipwi yote gereji. Nyingine hulipwa njiani. Tairi la inchi 33 likizunguka mara moja huenda mbali kuliko la inchi 29, kiasi cha asilimia 14 hivi. Kwa hiyo saa ya mwendo iliyokuwa ikisema kweli, sasa ikionyesha kilomita 80, gari laenda 91. Injini nayo huchoka mlimani, kwa kuwa ni kama gia zote zimekuwa nyepesi kuliko ilivyokusudiwa, na breki zile zile hupewa gurudumu kubwa na zito zaidi la kusimamisha. Ama kuhusu urefu, mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kuwa kitu husimama imara maadamu mstari unaoshuka kutoka kitovu cha uzito wake waangukia ndani ya msingi wake. Pikapu iliyoinuliwa kitovu chake kimepanda, na msingi ni ule ule. Ipakie magunia ya mpunga, kisha uipitishe njia iliyoinama upande mmoja, nawe utaona somo la darasani likithibitishwa kwa hasara.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Mwaka jana, katika kijiji jirani na chetu, pikapu ya mtu mmoja iliinuliwa kwa vipande vya chuma, lakini mipira ya breki ikaachwa ile ile ya zamani. Mipira hiyo hupimwa kulingana na urefu wa gari lilivyotoka kiwandani. Gari likiinuliwa, mpira huwa mfupi, na gurudumu likizama shimoni mpira huvutika kama kamba. Siku moja mpira mmoja ulikatika katika mteremko wa kwenda kijitoni, breki zikapoteza nguvu, pikapu ikalala ubavu. Ndani ya bodi walikuwamo watu sita. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini kijana niliyesoma naye shule ya msingi alivunjika paja, akakosa masomo muhula mzima. Nalo gari lilikuwa zuri sana kulitazama.

Wanaodhani kuwa urefu ndio nguvu ya kushinda matope, na wakumbuke mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu, kwa jinsi matope yalivyokuwa. Mwaka 1968 mvua ikafanya vivyo hivyo, na tena yakamaliza 7 tu. Katika miaka yote miwili gari lililoshinda lilikuwa Peugeot 404: motokaa ya kawaida ya watu, yenye kuvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma, isiyokuwa na kimo cha kujivunia. Ilikuwa na springi zinazofuata shimo badala ya kulirukia, na chuma kilichovumilia. Na walioiendesha walijua wapi pa kukimbia na wapi pa kwenda polepole.

Mwenzangu mmoja aliponisikia nikisema hayo alinijibu kwa mfano wa Iceland. Alisema huko mafundi wa Arctic Trucks hufunga pikapu za Toyota Hilux matairi ya inchi 38, na kwamba mwaka 2007 pikapu ya namna hiyo ilivuka barafu ya kaskazini ya Kanada ikafika mahali ncha ya sumaku ilipokuwa mwaka 1996. Ni kweli, nami nawasifu. Lakini na tuulize kwa nini walifunga matairi makubwa. Kule njia yao ni theluji, na gari laweza kuzama ndani yake kama katika unga. Kwa hiyo walitafuta tairi pana la kupunguzwa upepo mpaka pauni 3 au 4 tu, lilale juu ya theluji kama mkeka. Tena hawakuishia kwenye tairi. Hubadilisha na meno ya difu ili injini isielemewe. Mafundi hao waliitazama njia kwanza, kisha wakajenga gari. Mtu wa Kilombero akiiga matairi yao bila kuwa na theluji yao, ameiga nguo, hakuiga akili.

Hata jirani zetu wa Kenya wana fundisho. Yako mashindano ya porini yaitwayo Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, na fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa kuhifadhi msitu wa Aberdare. Humo hashindi anayekwenda mbio. Hushinda anayevifikia vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, ingawa njiani pana makorongo na miamba. Maana yake ni kwamba dereva hushuka, hutembea kwa miguu, huitazama njia, ndipo huingiza gari. Hakuna kifaa cha gereji kinachofanya kazi hiyo badala yake.

Basi, kama ningeulizwa, ningezitumia fedha zetu kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, uzima wa gari lenyewe: breki, usukani, bushi, rejeta. Gari bovu likiongezewa mapambo ni bovu lenye mapambo.

Pili, matairi ya kimo cha kiasi, yenye meno mapana yanayoweza kutema tope, pamoja na pampu na kipimo cha upepo. Kupunguza upepo kutoka pauni 35 hadi 18 katika mchanga laini hurefusha unyayo wa tairi, uzito ukagawanyika juu ya ardhi kubwa zaidi. Ndiyo kanuni ya mgandamizo tuliyojifunza darasani, na haigharimu hata senti. Lakini ukitoka mchangani lazima ujaze tena, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hupata moto na kupasuka.

Tatu, springi na shokapu zinazolingana na mzigo. Zikiwa laini mno, gari lenye mzigo hukaa chini. Zikiwa ngumu mno, gari tupu hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halivuti wala halishiki breki.

Nne, kama fedha zimebaki, difu yenye kufungika. Difu ya kawaida huiacha nguvu ikimbilie gurudumu lisilo na kazi: moja lazunguka bure topeni, na lenzake lililo penye ardhi ngumu limesimama. Difu ikifungwa, yote mawili huzunguka pamoja.

Tano, jembe, beleshi, kamba nene, jeki na mbao mbili.

Juu ya maji nina neno moja. Wako wanaofunga bomba la kuvutia hewa karibu na paa, kisha wakajiona wana mtumbwi. Bomba hilo, kama viungo vyake vyote vimezibwa sawasawa, huzuia maji yasiingie katika injini. Na hiyo ni faida kubwa, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa, na yakiingia huweza kupinda konrodi mara moja. Lakini halizuii mto kulichukua gari. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 60 tu, yaweza kuisukuma pikapu nzima. Penye mafuriko, kusubiri ni sehemu ya udereva.

Wala tusisahau uzito wa mapambo. Pikapu za kadiri ya hii yetu hubeba kama tani moja, pamoja na watu waliomo. Tuseme bampa la chuma lina kilo 60, winchi na kamba yake kilo 40, mabomba ya ubavuni kilo 60, fremu ya juu na taa zake kilo 40. Jumla ni kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo mia mia. Kwa hiyo katika kila safari ama tutaacha magunia mawili nyumbani, ama tutayapakia hivyo hivyo na kuvunja springi.

Hapa ndipo shule inapohusika. Sisi wanafunzi tunajua kukokotoa mgandamizo na kitovu cha uzito, lakini wengi wetu hatujapata kufungua hata nati ya gurudumu. Mafundi wa gereji wanajua chuma kwa mikono yao, lakini wengine hawakupata nafasi ya kufundishwa sababu. Naomba uongozi wa shule ufikirie kuwaalika mafundi hao waje wazungumze nasi, nasi tuwaonyeshe hesabu zetu. Wazazi nao wasione aibu mtoto akisema anataka kuwa fundi. Mpira wa breki uliokatika kijiji jirani ulihitaji mtu mmoja tu wa kusema, "Huu sasa ni mfupi."

Najua Baba Mdogo atalisoma gazeti hili, kwa maana nitampelekea mwenyewe. Shikamoo, Baba Mdogo. Sikuandika ili kushindana nawe, kwa sababu usiku wa mvua ni wewe unayeamshwa, si mimi. Nimeandika kwa kuwa nataka urudi, wewe na wale unaowachukua.

Hayo ndiyo maoni yangu. Anayeona nimepotoka na alete hoja zake katika toleo lijalo. Mimi nitakuwa nimekwisha ondoka shuleni, lakini mdogo wangu wa Kidato cha Pili ameahidi kuniletea gazeti, nami nitalisoma neno kwa neno.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne