Presha Haipigi Hodi



Wasomaji wapendwa, na hasa mama na dada zangu mnaotupikia, juma hili nakuandikieni juu ya aibu iliyonifika mlimani. Mwaka jana nilikwenda mazikoni katika kaunti ya Nyamira. Gari lilitushusha barabarani, ikatubidi tupande kilima kwa miguu kati ya mashamba ya chai. Sikufika hata nusu ya njia. Kifua kilinibana, nikaketi juu ya jiwe. Akanipita bibi mmoja wa Kigusii, umri wake hakika umepita miaka sabini, naye ana mkungu wa ndizi kichwani. "Pole, baba, pumzika kidogo," akaniambia, kisha akaendelea na safari yake bila ya kuhema.

Wenyeji wangu walinipeleka mjini Kisii nikapimwe. Presha yangu ilikuwa 170 kwa 100, ilhali matabibu huanza kuhofu ifikapo 140 kwa 90. Nami sikuwa nimeumwa na kichwa hata siku moja! Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na walio wengi hawatumii dawa.

Msidhani milima ni kinga. Naam, Abagusii ndio waliomzaa Naftali Temu, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968, na Yobes Ondieki, ambaye mwaka 1993 alikuwa wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Lakini tabibu aliyenipima alinieleza kuwa siku hizi hata safari ya dukani ni ya bodaboda, ugali wa wimbi umeupisha ule mweupe wa mahindi, na chinsaga na managu, mboga zilizowalea wazee wao, vijana huziacha wakafuata chipsi. Chai waichume wenyewe, kisha waitie sukari vijiko vinne.

Nasi wa pwani tusiwacheke. Mahamri asubuhi, viazi karai alasiri, biriani ya samli, achari, na ng'onda ambaye ni chumvi tupu. Kisha barazani hadi Isha. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha katika mkate na viungo vya pakiti. Mama watoto alipoanza kupima chumvi kwa kijiko badala ya kiganja, nilinung'unika, nakiri. Baada ya majuma machache, biriani ya jirani ndiyo iliyonishinda. Sigara sina haja ya kuieleza.

Lililonitia uchungu hasa ni hili. Mwezi uliopita nilisoma talakini kaburini kwa mama wa miaka arobaini na sita. Vidonge vyake vya presha vilikutwa kabatini, pakiti haijafunguliwa. Alijihisi mzima, wakamwambia dawa ni upungufu wa tawakali. Nani aliyewafundisha hayo, ilhali Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametuhimiza kujitibu? Dada yangu, usiziache dawa kwa kuwa umepata nafuu. Nafuu hiyo yatokana nazo. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari akupangie saa za kuzinywa baina ya futari na daku. Na kifua kikikubana, usikae ukijipaka mafuta. Nenda hospitali saa ile ile.

Mimi hutembea nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, baada ya Alfajiri. Mke wangu na jirani zake hutoka baada ya Alasiri, na mazungumzo yao huwarefushia njia. Nimealikwa tena Nyamira, mara hii arusini, inshaallah. Nimewaambia wenyeji gari lituache pale pale barabarani.

Wabillahi taufiki.