Wazee wa Gikondo wana zaidi ya Aprili
Na Habiba Mukamana

Kila Aprili tunawapa wazee wa Gikondo, hapa Kigali, kipaza sauti. Tunawaomba watusimulie tarehe 9 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji walipoingia katika kanisa la Wapallottini, wakakagua vitambulisho, wakawaua watu wapatao mia moja waliokimbilia humo. Ushuhuda huo lazima usikike kila mwaka. Lakini mahema yakishakunjwa, mzee hurudi nyumbani na hakuna anayemuuliza lolote hadi Aprili nyingine.

Inaniuma. Bibi wa miaka themanini aliishi karibu nusu karne kabla ya siku ile. Alichumbiwa, alilima, alicheza ngoma harusini. Ameyaona maisha ya bonde la viwanda, na ameishi hadi kuona viwanda vikihamishiwa Masoro ili kinamasi kipumue. Hayo anamwambia nani?

Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliwapinga waliodhani mzee anayerudia ya zamani ameanza kupotewa na akili. Kwake, kuyapitia maisha ni kazi ya uzeeni: mtu anapatana na aliyoyatenda na yaliyompata. Alionya pia kwamba anayeifanya peke yake, bila watu, ndiye anayeumia zaidi.

Hapo jirani, katika kambi ya Imvepi, Uganda, wataalamu kutoka Konstanz, Ujerumani, waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa masimulizi. Katika tiba hiyo kamba hutandazwa chini, tangu kuzaliwa hadi leo. Jiwe huwekwa penye msiba, ua penye furaha, kisha mtu husimulia yote kwa mfuatano. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 ya waliosimulia ndio waliobaki na ugonjwa wa kiwewe. Kwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Kundi lilikuwa dogo, watu 43, wala hawakuwa wazee. Hata hivyo naitazama kamba ile na kuona kosa letu: sisi tunaomba mawe peke yake.

Tuulize na maua. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, vijana wawili wangeweza kwenda kwa kila mzee anayeishi peke yake, wakae. Waanze na ya mbali: nani alimfundisha kusuka vikapu, alivaa nini siku ya harusi yake. Akisema leo hapana, iwe hapana. Akifika penye jiwe akalia, wasibadili mazungumzo. Na akizidiwa, wamwite mshauri wa afya ya akili. Mwezi unaofuata warudi walewale, asilazimike kuanza upya na wageni.