Jina la Burkitt, Jasho la Olweny

Mwanafunzi wa udaktari Afrika Mashariki hamalizi masomo bila kulisikia jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago ambaye mwaka 1958 aliandika juu ya saratani ya taya za watoto, nayo ikaitwa kwa jina lake. Simnyimi haki yake. Lakini mwulize mwanafunzi huyo: Charles Olweny ni nani?

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 chini ya Mmarekani John Ziegler. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, Olweny, Mganda aliyekuwa bado kijana, alikabidhiwa uongozi. Nchi ikaporomoka, dawa zikaadimika, wenzake wakakimbia. Yeye akaendelea kutibu na kutafiti mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo naye akaenda ughaibuni. Nani wa kumlaumu?

Hapa ndipo ninapogombana na watawala wetu, na si wa Kampala peke yao. Wanapenda mno kumsifu daktari anayejitolea, maana sifa haihitaji fungu katika bajeti. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyotumika tangu 1995, iliharibika kabisa. Mbadala wake ulipatikana mwishoni mwa 2017. Asiye na nauli ya kwenda Nairobi alitibiwa wapi? Ninyi watumishi wa wizara mnaonisoma, uchakavu wa miaka ishirini hauji ghafla: nani aliyeuahirisha ununuzi ule, na katika mwaka gani wa fedha?