Majina Mawili kwenye Karatasi ya Kiwanja

Ndugu zangu wa Mbagala,

Nawaandikia kutoka Coventry. Nawapenda, na kwa sababu nawapenda leo nitasema bila kumung'unya maneno.

Jumapili mlinipigia simu ya video nihudhurie kikao cha familia. Nikamwona shemeji yangu amekaa mkekani, begi moja pembeni, mtoto amemlalia mapajani. Miaka tisa ameishi na mdogo wangu. Nusu saa haikufika mkawa mmeshahukumu: hana cheti, mahari haikumalizwa, arudi kwao. Shangazi akafunga kikao: "Kwani alikuja na nini?"

Alikuja na mikono yake, shangazi. Maji ya kumwagilia matofali ya nyumba hiyo mnayomfukuza aliyabeba yeye kichwani, akiwa na mimba ya miezi sita. Najua, maana kila nilipotuma hela ya saruji, aliyenitumia picha za ujenzi ni yeye.

Kinachoniuma ni hiki. Hapa nilipo, kwa sheria ya England, watu wawili wakae pamoja bila ndoa hata miaka ishirini, kukaa huko hakuwafanyi mume na mke. Nimemwona mwenzangu wa kazini akitoka mikono mitupu kwenye nyumba ya mwanamume aliyezaa naye. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, ipo dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, lakini hata ikianguka, mwanamke bado ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto. Ulinzi huo tumekuwa nao zaidi ya miaka hamsini, halafu nyie mnamwita hawara!

Msiniambie pia kwamba hakuchangia kwa kuwa hakuwa na mshahara. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya wanandoa.

Lakini haki ya kuidai mahakamani huku umebeba mtoto mgongoni ni haki inayochosha. Ndiyo maana nalilia jambo moja: majina mawili kwenye karatasi ya kiwanja. Kifungu cha 60 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huhesabiwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, huhesabiwa kwamba haki zao ni sawa. Oneni uzito wa jina moja lililoachwa!

Viwanja vyetu vingi huanza na karatasi ya mauziano, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Basi mwenyekiti, kabla hajagonga muhuri, aulize: "Mwenzako yuko wapi?" Aitwe, aandikwe, atie saini au dole gumba. Asiye na mwenza aseme hivyo mbele ya mashahidi. Kazi hiyo haihitaji Bunge wala bajeti. Wazazi, mnapokwenda kushuhudia mwanenu ananunua kiwanja, msikubali kutia saini kama jina la mkwe halipo.

Sasa niseme la kwangu. Siku kile kiwanja kinanunuliwa, mdogo wangu aliniuliza aandike nani. Nilimjibu, "Andika lako tu, hiyo ni nyumba ya ukoo." Nilikuwa mbali, nikaamua kwa simu maisha ya mtu aliyekuwa juani akichota maji. Na Jumapili, mlipomhukumu, nilinyamaza.

Kikao cha ukoo si mahakama. Mdogo wangu, watoto ni wako, na kuwatunza ni wajibu wako hata kama wewe na mama yao hamkai tena nyumba moja. Hilo la nyumba lipelekeni baraza la usuluhishi la kata, na likishindikana huko liende mahakamani.

Shemeji, picha zote ninazo, na tarehe zake. Wakikuuliza shahidi, taja jina langu.