Wasomi wa Urithi Wapewe Kazi Kongwa

Mahindi ya Kibaigwa yana mizani, yana vitabu vya hesabu na makarani wa kuyaandika. Je, karani wa historia ya Kongwa, wilaya hiyo hiyo, ni nani? Twauliza kwa kuwa kijana asomeaye shahada ya uzamili katika urithi wa utamaduni huchekwa vijiweni kwamba anasomea vigae na mifupa. Wanaomcheka wamekosea.

Kwa mambo ya kale sana kazi imekwisha kuanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mashaka yetu ni juu ya mambo ya juzi.

Mwaka 1964, katika nchi ile ambayo Waingereza walishindwa kustawisha karanga, Serikali ya TANU iliwapa wapigania uhuru kambi. FRELIMO walikuwako, na SWAPO, na ANC ya Afrika Kusini, MPLA wakafuata. Sheria ya Mambo ya Kale, iliyopitishwa mwaka huo huo, iliweka mpaka wake mwaka 1863: jengo la baadaye halikulindwa mpaka Waziri alitangaze. Na hata likilindwa, jengo halisemi. Wasemao ni wazee, na aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 80.

Wako pia wanawake wa Kongwa waliozaa na wapigania uhuru, kisha baba wa watoto wakaenda zao vitani. Habari hizo hazipatikani kwa mgeni apitaye siku mbili na karatasi ya maswali. Zahitaji mtu ajuaye Kigogo na Kikaguru, aliyefundishwa kuuliza kwa heshima, kulinganisha maneno ya huyu na barua ya yule, na kutunza siri aliyoombwa aitunze. Hiyo ndiyo elimu tunayoitetea. (Mengi yaliyokwisha kuchapwa juu ya kambi ile yamo katika Kiingereza, mzee aliyesimulia hawezi kuyasoma wala kuyasahihisha.)

Lakini mhitimu akikosa nafasi atageuka dalali wa mahindi, wala hatutamlaumu. Twaitaka Halmashauri ya Wilaya, ambayo hutoza ushuru sokoni Kibaigwa, itenge sehemu ya fedha hizo kwa nafasi mbili za watunza kumbukumbu. Matawi ya Chama nayo yaanze sasa kuandika majina ya wazee walio hai. Orodha ya Kibaigwa yaweza kuwa tayari kabla ya mavuno.