Garanti ya miezi sita kwa kulala wiki mbili



Naomba nafasi niwasemee wageni wanaotafuta chumba cha muda mfupi hapa Nyawera. Si watalii wa kwenda kuona magorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega tu. Wengi ni ndugu wa wagonjwa waliolazwa hospitali ya Panzi, wanafunzi, watu wa harusi.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Lakini dada yangu, aliyetaka chumba kwa wiki mbili, aliombwa ya miezi sita, kwa dola, bila risiti, na juu yake pesa ya komisioneri, yaani dalali. Alipouliza mkataba akajibiwa, "Hapa tunaaminiana." Kuaminiana kwa upande mmoja!

Wenye nyumba nao wana hofu yao, na si ya bure: mgeni wa siku chache anaweza kutoroka usiku akiacha deni la umeme. Ila sheria ile inamfaa zaidi mpangaji wa muda mrefu, na hoteli zina taratibu zake. Anayelala wiki mbili kwa mtu anaachwa katikati.

Komini ya Ibanda itoe karatasi moja ya mkataba wa muda mfupi: bei ya usiku, garanti ya siku chache tu, sahihi ya mwenye nyumba na ya shefu wa karti. Nawe msomaji, usitoe hata dola moja kabla ya kushika risiti.

Mkaaji wa Nyawera,
Bukavu